Weusi wapo kwenye tele. Familia zao ziko wapi?

Jambo yenu, wandugu! Salamu kwa watu wa mitaa yetu ya Lubumbashi, wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo, wa Ruashi, na nyinyi wa Bel-Air, nyinyi nina neno lenu baadaye kidogo. Mimi niko huku huku Liège, Ubelgiji, mvua haikatiki, chukueni chai tuongee.

Yaya mmoja alinitumia voisi kwenye WhatsApp. Anasema: "Dada, acha kulalamika. Weusi wamejaa kwenye tele za Wazungu. Komisa wa polisi mweusi, jaji mweusi, muuguzi mweusi. Unataka nini tena?" Akacheka, kile kicheko cha mtu anayejua ameshinda. Sasa nakujibu mbele ya watu wote.

Ni kweli, wapo. Ila mwangalie vizuri huyo muuguzi. Ni zile tamthilia za hospitali za kila jioni. Anapita koridoni na sahani ya dawa, anasema "Daktari, mgonjwa wa chumba cha nne," anatabasamu, ametoka. Daktari mzungu akimaliza kazi tunamfuata mpaka kwake: tunamwona mume, mama mkwe mwenye maneno, mtoto anayefeli hesabu, mpaka mbwa wa nyumba tunamjua jina. Muuguzi wetu akimaliza kazi, kamera haimfuati. Hatujui analala wapi. Hatujui kama ana mama. Komisa naye ni hivyo hivyo: anapiga meza, anatoa amri, mlango unafungwa. Kipindi kinaendelea miaka na miaka, na hakuna hata binamu mmoja aliyempigia kuomba pesa ya shule! Mweusi gani huyo, wandugu, ambaye hana binamu?

Lalamiko langu ndilo hilo. Sura tumepewa. Familia bado.

Ufaransa, tangu 2009, chombo kinachosimamia redio na televisheni, zamani kiliitwa CSA, siku hizi Arcom, kinahesabu watu wanaoonekana kwenye skrini: wanawake wangapi, wasio weupe wangapi, wenye ulemavu wangapi. Kazi nzuri, sikatai. Lakini pale kinahesabiwa kichwa kimoja kimoja, na muuguzi wetu wa koridoni amehesabiwa tayari. Wakati huo huo France 2 ilikuwa na kipindi cha kuchekesha, Fais pas ci, fais pas ça, kilichoanza 2007 kikaenda mpaka 2017. Familia mbili majirani, moja inalea kwa ukali, nyingine inalegeza. Zote mbili za Wazungu. Nilikipenda kabisa, nisiwadanganye.

Marekani vita hii waliianza zamani. Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1974 walianzisha Good Times, familia ya watu weusi maskini kwenye majengo ya serikali kule Chicago. Mwanzoni nyumba ile haikuwa na baba: mama peke yake na watoto. Mwigizaji aliyechaguliwa kuwa mama, Esther Rolle, alikataa. Alisema hataigiza bila mume ndani ya nyumba. Hebu fikirini, mama mweusi, miaka ile, anawawekea masharti mabwana wa tele! Wakakubali, wakamleta John Amos kuwa baba. Na baba yule alikuwa baba kweli: anatafuta kazi, anakosa, anarudi na hasira, watoto wananyamaza akiingia. Lakini Amos akagombana na wenye kipindi juu ya namna familia ilivyokuwa inaandikwa, wakamwondoa, na mwaka 1976 hadithi ikasema baba amekufa kwenye ajali ya gari. Baba aliyepatikana kwa kupiganiwa namna ile!

Basi, wa Bel-Air ya Kampemba, zamu yenu. Mnakumbuka mlivyotusumbua na Le Prince de Bel-Air, kile kichekesho cha Kimarekani cha kijana Will anayehamia kwa onko wake tajiri? Kofia upande, mnatuambia Will ni jirani yenu. Kile kipindi kilianza 1990, na sisi tulikipenda kwa sababu ambayo Wamarekani wenyewe sijui kama waliiona. Will ni mtoto wa dada ya mke wa mwenye nyumba, onko Phil. Anakuja na mzigo wake, anakula, anaharibu vitu, na onko Phil anamlea. Nani Lubumbashi hana huyo mtoto nyumbani kwake?

Na wasiniambie watazamaji weupe hawapendi. The Cosby Show, baba daktari, mama wakili, watoto watano, ilikaa nambari moja Marekani misimu mitano mfululizo. (Mambo ya mahakamani ya Bill Cosby mwenyewe nayajua, leo niko kwenye familia ile.) Pamoja na hayo yote, 1999 mkuu wa NAACP, chama kinachotetea haki za weusi Marekani, Kweisi Mfume, alilazimika kusimama na kusema kwamba kati ya vipindi vipya 26 vya stesheni kubwa nne, hakuna hata kimoja chenye mhusika mkuu asiye mzungu. Waasia ndio walioona mengi zaidi: kichekesho cha Margaret Cho, cha familia ya Wakorea wa Marekani, 1994, kilikatwa baada ya msimu mmoja, na familia nyingine ya Kiasia kama ile kwenye stesheni kubwa ilikuja 2015. Mtoto amezaliwa, amekua, ameoa.

Mimi naona ni uvivu. Kumweka mweusi koridoni hakuhitaji kujua chochote. Kumwandikia nyumba, lazima ujue friza yake imejaa sombe, majani ya muhogo, kwenye mifuko iliyoandikwa tarehe kwa kalamu. Ujue bibi yuko kwenye simu, sauti juu, wakati bukari, ugali wetu, inasongwa, na mtoto anamjibu kwa Kifaransa, bibi anauliza "anasema nini huyu?" Ujue kuna sanduku chini ya kitanda linajazwa polepole kwa safari ambayo tarehe yake haijulikani. Vitu hivyo havionekani ukiwa koridoni. Mwite mmoja wetu kwenye meza ya waandishi, mlipe, atakuambia.

Sisi wa Lubum tulikuwa na bahati. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilituletea, redioni na kwenye tele, bwana na bibi wanaogombana kwa Kiswahili chetu, kile cha kwetu kabisa, si cha vitabu. Hatukuona ajabu; tulidhani kila mtu duniani anajiona hivyo.

Lakini msifurahi sana. Watwa, watu wa asili wa misituni, wa mkoa wa Tanganyika huko kwetu Kongo, majirani zetu wale, familia yao mmeiona kwenye tamthilia gani ya Kikongo? Sisemi kwenye habari za vita, wala kwenye picha za misaada. Nasema tamthilia: baba amechelewa kurudi, mama amenuna, chakula kimepoa. Mimi sijaiona. Aliyeiona anitumie jina lake, nitaitafuta usiku huu huu.