Profesa Muyembe na Damu ya Waliopona

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi,

Nimemchagua Profesa Jean-Jacques Muyembe, daktari na mtafiti wa virusi wa Kongo, kwa sababu hapa Goma wengi wetu tulinawa kwa maji ya klori na kupimwa joto kwenye vizuizi, pasipo kujua historia ya mtu aliyeiongoza kazi ile ya kupambana na Ebola tangu Julai 2019.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu mikono mitupu, bila glavu. Na kila alipochomoa sindano, tundu ambalo kwa kawaida huziba upesi liliendelea kuvuja hadi vidole vyake vikalowa. Alinawa kwa maji na sabuni, basi. Kisha akamshawishi mtawa mmoja Mbelgiji, naye mgonjwa, waende Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ambako virusi vya Ebola vilionekana. Kwa miaka mingi masimulizi ya ugunduzi huo yalimruka Muyembe. Naiona kuwa dhuluma, ila tusikae hapo, kwani kazi yake kubwa zaidi ilikuwa bado mbele.

Ebola ilipozuka katika mji wa Kikwit, hapa Kongo, mwaka 1995 na kuua takriban wanne katika kila wagonjwa watano, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba wakaishi. Wataalamu wa nje walitilia shaka: wagonjwa walikuwa wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda wangepona hata bila damu ile. Kisayansi shaka hiyo ilikuwa halali, na Muyembe hakuwa na jibu la haraka. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kutoliacha wazo. Miaka 11 baadaye, katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, zilipatikana kingamwili ambazo watafiti wa Kongo na Marekani walizitumia kutengeneza dawa ya mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa hapa mashariki kuanzia Novemba 2018, safari hii kwa kulinganishwa na nyingine tatu. Miongoni mwa walioipata walikufa asilimia 35, dhidi ya asilimia 50 kwa waliopewa ZMapp, mojawapo ya hizo tatu. Na kwa waliokuwa na virusi vichache mwilini, alikufa takriban mmoja kati ya kumi. Agosti 2019 mama mmoja na mwanawe waliruhusiwa kutoka kituo cha matibabu cha mji huu wakiwa wazima, na habari hiyo, kwa maoni yangu, iliwashawishi watu kuliko mabango yote, maana familia zilikuwa zikificha wagonjwa kwa kuamini kwamba anayeingia kituoni harudi.

Desemba 2020 Marekani iliiidhinisha kwa jina la Ebanga, na leseni ya kuitengeneza ikawa mikononi mwa kampuni ya huko huko. Hilo ndilo ningependa tulijadili sasa.