Biti Ipi Itangulie?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 6,000 na urefu wa 4,000 ina pikseli milioni 24. Kila pikseli ikila baiti 3, hiyo ni megabaiti 72 kabla hatujabana chochote. Wengi wakishaipunguza huona kazi imekwisha, wakasahau mpangilio, yaani biti zipi zitangulie ndani ya faili. Faili mbili za ukubwa uleule zikikatikia njiani, moja hukuachia ukanda wa juu tu. Nyingine hukupa picha nzima, yenye ukungu lakini inatambulika.

Chukueni pikseli nne, kila moja kwa namba ya mwangaza wake: 100, 102, 101, 180. Tuzishike mbili mbili, tupate picha ndogo ya kutangulia. Jozi ya kwanza ina tofauti ya 2. Nusu yake, 1, tunaijumlisha na 100, tunapata 101. Jozi ya pili ina tofauti ya 79. Nusu yake ni 39.5, tunatupa desimali, inabaki 39, na 101 inakuwa 140. Basi 101 na 140 ndiyo picha ndogo, 2 na 79 ndizo tofauti. Kurudi ni rahisi: 140 toa 39 ni 101, ongeza 79 ni 180. Desimali tuliitupa, mbona hakuna kilichopotea? Kwa sababu anayefungua anaitupa ileile, kutoka kwenye tofauti ileile.

Fanya hivyo kwa upana na kwa urefu, mara tano, na picha yetu inabaki 188 kwa 125. Hiyo ndiyo inayotumwa kwanza. JPEG 2000, mfumo mmojawapo wa kubana picha, hupita njia hii kwa vichujio virefu zaidi, yaani hesabu zinazoshika pikseli nyingi zaidi kwa pamoja.

Sasa tofauti zenyewe, na hapa ndipo penye utamu. Tuma biti nzito kwanza, yaani zenye thamani kubwa. 79 kwa biti ni 1001111. Biti ya kwanza ikifika, mpokeaji anajua thamani iko kati ya 64 na 127, anakadiria 96. Ya pili, sifuri, inaibana kati ya 64 na 95, anakadiria 80. Biti mbili tu, na amekosea kwa 1! Wakati huo ile 2 bado ni sifuri tupu, na msururu wa sifuri hubanika vizuri mno. Kingo za vitu hujitokeza mapema, mikwaruzo midogo hufuata.

JPEG ya kawaida, ya mwaka 1992, hutumia vipande vya pikseli 8 kwa 8, nayo pia inaweza kutumwa kwa awamu. Programu ya jpegtran hubadilisha mpangilio bila kugusa ubora. Gharama iko kwenye kumbukumbu: mfunguaji lazima ashikilie namba zote za picha hadi awamu ya mwisho. Kwa picha yetu, namba milioni 72, tatu kwa kila pikseli, za baiti 2 ni megabaiti 144, kama rangi hazikupunguzwa. Kifaa kidogo huelemewa. Na awamu zikizidi, prosesa huchora picha nzima upya kila mara, mtazamaji asione nafuu yoyote.

Jihadharini pia na mwanzo wa faili. Baiti iliyoharibika huko huchafua kila kinachoijengea, ya mwishoni hudhuru kidogo tu.

Kujaribu ni dakika moja: nakili faili, bakiza asilimia 20 ya mwanzo, kisha uifungue. Ukiona ukanda wa juu peke yake, rudi kwenye mpangilio.