Mentori wa jina tu hakufikishi mbali

Asalaam aleikum, hamjambo, sogeeni mbele jamani viti viko tele na hiyo feni ya huko nyuma haizunguki. Nimeambiwa niongee na nyinyi madaktari, matabibu na wauguzi mnaoanza utafiti, nami sitawachosha na maslaidi.

Wengi hapa mnadhani mentori, yaani mlezi wako wa utafiti, ni profesa mkubwa wa kukusainia barua basi. Unamtumia proposali kurasa 20, baada ya wiki anakujibu kwa WhatsApp "kazi nzuri, endelea", nawe roho kwatu. Huyo hajasoma! Anayesoma utamjua kwa maswali yake. Juzi kijana mmoja wa wodi ya watoto kanionyesha fomu zake, kwenye umri pengine ameandika miezi pengine miaka na safu ni hiyo hiyo moja, sasa hii 5 hapa ni kichanga wa miezi mitano au ni mtoto wa chekechea? Na dozi zao na magonjwa yao ni mbalimbali kabisa. Mentori mzuri anakushika hapo hapo, fomu zikiwa kumi, sio zikishafika mia nne ndio mnakimbilia kwa mtu wa takwimu awafufulie maiti.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Chukueni mfano wa ile ruzuku ya K43 ya Fogarty, kituo cha afya ya kimataifa kilicho chini ya NIH, taasisi za taifa za afya kule Marekani, ambayo ni ya watafiti chipukizi wa nchi kama zetu. Inachukua miaka 3 hadi 5, wanataka uwe na mentori wa kule Marekani na mwengine wa huku kwetu, na wewe mwenyewe utoe si chini ya asilimia 75 ya muda wako wa kazi kwa utafiti na mafunzo. Piga hesabu, hiyo ni karibu siku nne katika tano! Sasa wewe uko hospitali ya Makadara hapo Mombasa, kliniki asubuhi, wodi mchana, usiku una shifti, utafiti unaufanya saa ngapi, ukiwa kwenye matatu ya Likoni?

Kwa hivyo ile barua ya bosi wako, ya kukuachilia muda wa utafiti, ina uzito kuliko mnavyodhani. Barua ya "tutamuunga mkono kikamilifu" ni maneno matupu, mimi naiita barua ya harusi. Iseme anaachiliwa siku gani, na nani atashika zamu zake, kwa jina.

Mentori pia si lazima awe mmoja wala awe ng'ambo, Kilifi hapo KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, wako tangu 1989, panda gari uende ukaulize. Mmoja akufunze ugonjwa, mwengine takwimu, na mwengine yule anayejua karatasi, kamati ya maadili inataka nini na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, inaisha baada ya mwaka, yaani usiamke siku imeshapita. Na suala la jina la nani litangulia kwenye makala liongeeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Haya, aliyekuja na barua ya mwajiri wake ailete tuisome pamoja, kalamu nyekundu ninayo.