Umekata kilo na sidiria zimegoma? Jipime upya hivi

Haya jamani karibuni. Leo niko na wale waliopungua, iwe ni dayati, iwe ni jimu, iwe ulijifungua na mwili ndo unarudi, na sasa kila ukivaa sidiria unaona mambo hayako sawa, mikanda inateleza begani, vikombe vinakunjamana kwa juu, ukiinua mikono sidiria nzima inapanda. Chukua futi laini ile ya fundi cherehani, simama mbele ya kioo, tuanze.

Ila kabla hatujapima nieleze kidogo. Titi lina tezi za maziwa, lina mafuta, na lina nyuzi zinazolishikilia. Ukikata kilo mwili unachoma mafuta popote yalipo na ya kwenye titi yamo humohumo, lakini tezi hazichomeki hivyo. Ndo maana watu wawili wanaweza kupungua kilo zilezile, mmoja matiti yakaisha na mwenzie yakabaki karibu vilevile, inategemea tu la kwako lina mafuta mengi au tezi nyingi. Na kadiri umri unavyosogea, hasa ukishakoma hedhi, tezi zinapungua na mafuta yanachukua nafasi. Kuuambia mwili toa tumboni huku kifuani niachie, hiyo haipo, usidanganywe na mtu.

Hatua ya kwanza, kagua sidiria uliyovaa sasa hivi. Geuka ubavu, angalia mgongoni. Ukanda unatakiwa ulale usawa uleule na wa mbele, sasa kama umepanda kuelekea mabegani ujue umeshakuwa mkubwa. Uvute, ukiachana na mwili zaidi ya sentimita 5 hivi, hauna kazi tena. Na hapa ndo wengi tunapopotea, mtu akiona matiti yameshuka anakimbilia kukaza mikanda ya begani, matokeo yake mikanda inachimba mabega na nyuma kunazidi kupanda. Anayebeba mzigo ni ukanda wa kuzunguka kifua, mikanda ya begani inasaidia tu. Kwa hiyo ukanda ukilegea hata vikombe viwe vizuri vipi hupati kitu.

Hatua ya pili, pima chini ya matiti. Futi izunguke pale ukanda unapokaa, usawa mmoja mbele na nyuma (kioo kinasaidia hapa, au mtu akushikie), toa pumzi, ibane vizuri bila kujiumiza, soma inchi. Ukipata namba ya katikati isogeze kwenye shufwa iliyo karibu, 33 na nusu iite 34.

Hatua ya tatu, pima juu ya chuchu, na hapa tulia kidogo kwa sababu titi lililopungua linakuwa laini na limeshuka, ukisimama wima bila kuvaa chochote futi inapita juu yake na unapata namba ya uongo. Inama mpaka mgongo uwe kama meza, acha matiti yaning'inie, zungusha futi pale yalipojaa zaidi bila kuyabana. Kama kuinama hivyo kunakupa shida vaa sidiria isiyo na sponji upime umesimama. Halafu usipime siku zile za karibu na hedhi, matiti yanavimba, subiri imalizike.

Hatua ya nne, hesabu. Toa ya chini kwenye ya juu. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Sasa tuseme zamani chini ulikuwa 38 na juu 41, hiyo ni 38C. Umepungua, chini imekuwa 34 na juu 38, toa hapo, inakuja 4, yaani 34D. Najua utashtuka, utasema mbona nimepungua halafu herufi imepanda?? Jibu ni kwamba herufi peke yake haina maana, inaenda pamoja na namba ya ukanda. Kikombe cha 34D kinabeba sawasawa na cha 36C na cha 38B. Umetoka 38C ukaja kwenye ujazo wa 38B, kwa hiyo umepungua kweli, tena umepungua kikombe kimoja tu, kilichokimbia zaidi ni mzunguko wa chini ya matiti. Na hii ndo inafanya watu wanachukua ya herufi ndogo kwa ukanda uleule wa zamani halafu wanarudi kulalamika kwamba bado inapwaya.

Kama sidiria yako ina namba kama 75 au 80, hizo ni za Ulaya zinahesabiwa kwa sentimita, 34 ni 75, 36 ni 80, 38 ni 85. Za Ufaransa wao wanaongeza 15, kwa hiyo 75 kwao imeandikwa 90, usiogope ukiiona.

Hatua ya tano, ijaribu. Funga kwenye kulabu za nje kabisa, zile zinazoachia zaidi, ibaki kukushika hapohapo. Ikilegea kwa kufuliwa, au wewe ukiendelea kupungua, unahamia ndani kidogokidogo. Ukianza na za ndani umeishiwa siku ya kwanza. Ukishafunga inama, ingiza mkono, vuta nyama yote ya kuelekea kwapani uiweke kwenye kikombe, kisha simama. Katikati pale kati ya matiti, kama ina waya, iguse mfupa. Titi moja likiwa kubwa kuliko jingine, na wengi tuko hivyo, fuata lile kubwa, dogo litawekewa sponji ya kutoa.

Kuna wale ukubwa uko sahihi kabisa ila juu ya kikombe bado kuna uwazi. Hilo ni umbo. Mtu akipungua mara nyingi titi linaisha upande wa juu na kujaa chini, kwa hiyo kikombe kirefu kinachofunika mpaka juu kitabaki kitupu tu, tafuta kifupi cha nusu au kile kilichokatwa chini katikati. Na kama bado uko safarini na kilo zinashuka, nunua moja au mbili, usijaze kabati.

Kuhusu kulegea kwa ngozi nitasema kifupi maana mtaniuliza. Krimu hairudishi. Pushapu za mazoezi zinajenga msuli ulio nyuma ya titi, kifua kinakaa vizuri, lakini titi lenyewe halina msuli wa kujengwa. Umri, mimba, sigara na kupanda na kushuka kilo kila mara ndo vinachosha ngozi, sasa hapo unachoweza kuacha kiache.

Na nyie mnaopima mkakuta upande mmoja tu ndo umebadilika ghafla, au mkono umegusa kivimbe, au ngozi imebonyea kama imevutwa kwa ndani, au chuchu imeingia ndani au inatoa majimaji au damu, hiyo msiipe jina la dayati. Weka futi pembeni, nenda kaonane na daktari, sidiria utanunua ukishapimwa.