Kipande House: stoo, ofisi ya vipande, sasa benki

Haya jamani, tuanze. Wengi mmeshapita pale Kenyatta Avenue kona ya Loita Street, mkaona benki ya KCB, mkaendelea na safari. Jengo hilo ndilo Kipande House. Leo nataka tusimame hapo kidogo.

Jengo lile lilijengwa 1913 na Gurdit Singh Nayar, na mpaka 1935 hakuna lililolizidi urefu Nairobi nzima. Lilianza kama stoo tu. Reli ilifika Nairobi 1899 na kulikuwa na njia ya treni inayopita karibu na hapo, kwa hiyo mizigo ikishushwa inaingia ndani moja kwa moja, biashara kabisa.

Alafu serikali ya kikoloni ikaligeuza ofisi ya kuandikisha watu, na hapa ndo nataka tukae. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 ikaanza kubana watu kweli kweli baada ya Vita ya Kwanza, yaani mwanaume Mwafrika mtu mzima akitoka kwao kutafuta kazi lazima awe na kipande, ile karatasi ya utambulisho yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa, imewekwa kwenye kikopo cha chuma kinaning'inia shingoni, na mwajiri asipokuandikia kwamba amekuachilia basi huwezi kuajiriwa kwingine, ukitoroka unatafutwa mpaka unashikwa. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walipinga hadharani, akakamatwa Machi 1922, na watu walipokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi papa hapa mjini. Ni 1947 ndo mfumo huo uliondolewa, vikaja vitambulisho vya watu wa rangi zote.

KCB wakalinunua 1976. Kuna wanaokasirika ati mahali pa uchungu pamekuwa pa hela, mimi naona tofauti kabisa, maana ploti ya katikati ya Nairobi ikikaa bila kazi inabomolewa, na benki imelipatia hilo jengo sababu ya kubaki. Ninachotaka ni mteja akiwa kwenye foleni aone kipande chenyewe pale ukutani, asome.

Na nyinyi mlio na kipande cha babu kwenye sanduku nyumbani, tafadhali msiuze kama chuma chakavu. Pigeni picha, andikeni jina lake, alikofanya kazi na mwaka, alafu mpeleke Makumbusho ya Taifa waangalie.