Kwa Nini Tunaiogopa Meza ya Bwana?

Mhadhara kwa wazee wa kanisa na wainjilisti, Njombe

Bwana Yesu asifiwe. Kamwene.

Ratiba inasema nizungumzie maana na furaha ya Meza ya Bwana, ule mkate na divai tunavyopokea kanisani. Maana mnaijua. Kila mmoja humu ndani amepita kipaimara, akasimama mbele ya usharika akajibu maswali ya Katekisimo Ndogo, kile kitabu kidogo cha mafundisho cha Luther, bila kuchungulia kitabu. Sitawarudisha darasani. Nitakwenda moja kwa moja kwenye furaha, kwa sababu hiyo ndiyo siioni.

Tujitazame Jumapili ya Meza. Mchungaji ameimba "Inueni mioyo yenu", nasi tumejibu kwamba tunaiinua kwa Bwana. Halafu safu ya kwanza inasimama, na hapo hapo nyuso zote zinaanguka. Watu wanatembea wameinamisha vichwa, kwaya imechagua wimbo wa taratibu kuliko zote ilizo nazo, ule ule iliouimba Alhamisi makaburini. Tarumbeta zimelazwa chini ya viti. Na wengi hawajainuka kabisa. Wamebaki kwenye mabenchi wanapekua kitabu cha nyimbo, wanangoja ipite.

Nimelisema jambo hili kwenye semina, kwenye mikutano ya jimbo, na msibani pia, mpaka wengine wakiniona nasimama wanajua kinachokuja. Nalisema tena. Walutheri wa nyanda hizi tunaiogopa Meza ya Bwana. Tulifundishwa kuiheshimu, tukaishia kuiogopa, na tukadhani ni kitu kile kile.

Niwape habari ya mama mmoja. Usharika ulikuwa juu Ukinga, kule ambako asubuhi ya mwezi wa saba unakuta sakitu imelala juu ya majani. Mama huyu ndiye aliyekuwa akitunza vyombo vya Meza. Jumamosi jioni alikuwa akiwasha pasi ya mkaa, ananyoosha kitambaa cheupe cha altare mpaka hakuna mkunjo. Vile vikombe vidogo vya divai aliviosha kimoja kimoja kwa maji ya moto, akavifuta, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama kipo kilichobaki na alama ya mdomo, kisha akavipanga kwenye sinia. Jumapili alikuwa wa kwanza kufika. Alimimina divai bila kudondosha tone. Halafu ibada ikifika kwenye Meza, anarudi benchi la nyuma, karibu na mlango, anakaa. Hali wala hanywi.

Mwanzoni nilidhani anaangalia watoto waliokuwa nje. Siku moja tukiwa sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, tunafungasha vyombo nikamwuliza. Hakuwa na haraka ya kujibu. Alisema alipokuwa msichana alipata mimba kabla ya ndoa, akatengwa na kanisa asishiriki Meza. Alirudi kundini kwa utaratibu wote: alitubu mbele ya usharika, mchungaji wa wakati huo akamtangazia msamaha, wazee wakampa mkono. Baadaye akaolewa, ndoa ikabarikiwa, akapata watoto, akapata wajukuu. "Watu walinipokea, Baba Mchungaji," akaniambia, "ila mimi mwenyewe najijua. Nikila, nitakula hukumu."

Miaka yote ile! Alikuwa akiishika divai ya Bwana kwa mikono yake mwenyewe, akiwagawia wengine kwa kazi yake, na aliamini kwamba yeye akiionja itamwangamiza. Na sisi wachungaji, mmoja baada ya mwingine, tulimsifu kwa kazi nzuri ya kuosha vyombo.

Sikumhubiria. Nilimwomba anisomee kwa kichwa sehemu ya Katekisimo Ndogo inayohusu Sakramenti ya Altare, yaani Meza, lile swali la mwisho, nani anaipokea sakramenti hii kwa kustahili. Aliimwaga yote: kwamba kufunga na kujiandaa kwa mwili ni desturi njema ya nje, lakini anayestahili kweli na aliyejiandaa vema ni yule anayeyaamini maneno haya, "uliotolewa kwa ajili yenu" na "iliyomwagika kwa ondoleo la dhambi". Nikamwuliza, "Mama, unaamini kwamba Kristo aliutoa mwili wake kwa ajili yako?" Akasema, "Naamini." "Basi aliyekuambia hustahili ni nani?" Alinyamaza. Akaifunika sinia kwa kitambaa, akasema, "Mwezi ujao."

Mwezi ujao alikuja. Alipiga magoti upande wa kulia, nikampa mkate, nikampa kikombe alichokiosha mwenyewe, na alipokuwa anarudi kwenye benchi alikuwa anacheka, kwa sauti. Wazee wa kanisa walinitazama nimkemee. Sikumkemea. Katika kanisa zima siku ile, yeye ndiye aliyeonekana kama mtu aliyesamehewa.

Sasa naliona swali linakuja kutoka pale nyuma. Mchungaji, mbona Paulo anasema alaye isivyostahili anakula hukumu ya nafsi yake? Anasema, Wakorintho wa kwanza 11. Lakini tuna tabia ya kuukamata mstari wa 29 na kuiacha ile ya kabla yake. Anzeni mstari wa 20. Huko Korintho matajiri walikuwa wanatangulia kula, maskini wakifika wanakuta sahani tupu. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa". Paulo anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Hicho ndicho kilichomkasirisha. Hakuwa anamwandikia mama aliyevunjika moyo kwenye benchi la nyuma. Kama kuna mtu wa kutetemeka kwa maneno yale ni sisi tunaokaa mbele, sisi ambao kijana asiye na viatu vya maana akiinuka kwenda mezani tunamtazama kuanzia miguuni.

Na hebu sikilizeni agizo lenyewe, mstari wa 28: "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Ajihoji, kisha ale. Hakusema ajihoji kisha abaki ameketi. Kujihoji kunatupeleka mezani, maana ukijihoji kwa ukweli utakuta dhambi, na dhambi ndiyo sababu ya kwenda. Wapo wanaoniambia, "Nikishatengeneza maisha yangu nitakuja." Nani anamwambia mgonjwa akae nyumbani mpaka apone, ndipo apelekwe hospitali ya Ilembula? Luther aliandika katika Katekisimo Kubwa kwamba mtu asiyesikia haja ya sakramenti hii atie mkono kifuani ajipapase, aone kama bado ana nyama na damu.

Hata meza ya kwanza kabisa, waliokaa pale ni nani? Luka 22. Mkono wa msaliti uko mezani. Petro yuko pale, usiku huo huo atamkana. Wengine wanabishana nani mkubwa, na kikombe hakijapoa! Na kwa watu hao hao Bwana anasema, "Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi." Ametamani sana. Yeye ndiye mwenye hamu na Meza hii kabla yetu.

Ndiyo maana mkutano wa Marburg, kule Ujerumani, una uzito, na nitapita hapo haraka maana historia mnaijua. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana. Katika vifungu 15 walikubaliana 14, kikabaki hiki cha Meza. Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Bwana, "Huu ndio mwili wangu", na hakutoka hapo. Vijana wa chuo huniuliza kwa nini alikuwa mgumu kiasi kile. Wanadhani ni ubishi wa wasomi. Sikilizeni. Kama Meza ni kumbukumbu yangu tu, kama Zwingli alivyofundisha, basi kazi yote ni yangu: nikumbuke vizuri, nisikitike vya kutosha, moyo uwe umetulia, mawazo yasiende kwenye viazi vinavyooza shambani. Na sitajua kamwe kama nimefikisha. Lakini kama Bwana mwenyewe yupo, kama Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, linavyosema katika kifungu cha 10, na ndiye anayetoa, basi mzigo uko kwake na mimi ni wa kupokea. Mwaka mzuri na mwaka mbaya, nikiwa na machozi au bila machozi, kinachowekwa mkononi mwangu ni kile kile. Furaha yetu imekaa hapo. Wanaoitafuta ndani ya hisia zao wanachoka bure.

"Lakini mchungaji, unawafungulia mlango walevi na wazinzi." Hilo nalo nalijua. Nidhamu ya kanisa ipo na siiondoi. Mtu anayeishi katika dhambi waziwazi na hataki kuiacha, lazima mchungaji na wazee wakae naye. Ninalolalamikia ni kwamba tunatenga halafu tunasahau. Jina linasomwa, linaandikwa kwenye daftari, basi. Hakuna anayekwenda nyumbani kwake. Tena tunatenga kwa macho. Mnywaji wa ulanzi anayumba njiani kila mtu anamwona, huyo tunaye. Aliyemdhulumu mjane shamba anasoma matangazo.

Na hili la ndoa linaniuma kuliko yote. Kuna vijana katika kila mtaa wa kila usharika, mume na mke, watoto watatu, wanalala nyumba moja, wanasali pamoja, hawashiriki Meza kwa sababu ndoa haijabarikiwa. Ukiwauliza kwa nini, wanasema wanakusanya fedha. Fedha za nini? Suti, shela, ukumbi, keki, muziki, kamati ya harusi. Wanakaa mbali na mwili wa Kristo kwa sababu ya keki! Wazee wangu, ndoa inabarikiwa kwa Neno la Mungu na maombi, Jumapili yoyote baada ya mahubiri, mbele ya mashahidi, na nguo walizonazo. Anayewaambia wangoje ni jamii, na sisi wazee tumo ndani ya hiyo jamii, tumekaa kwenye hizo kamati. Waendeeni. Wapeni tarehe.

Muda. Naonyeshwa saa, na nina mambo matatu bado, nitayataja tu.

Kwanza, wingi wa Meza. Katika Utetezi wa Ungamo hilo la Augsburg, mwaka 1531, mababa zetu walisema Meza kwao huadhimishwa kila Jumapili na kila sikukuu. Luther aliona kwamba asiyeitamani walau mara nne kwa mwaka ni wa kutiliwa wasiwasi. Sisi tuna mchungaji mmoja na mitaa mingi, masika inakuja, barabara inakatika. Najua. Nimezitembea. Lakini kuna mitaa ambako gari linafika vizuri na Meza bado ni ya nadra, kwa mazoea tu. Hiyo irekebishwe kwenye ratiba ya mwaka, haihitaji fedha.

La pili, muziki. Viongozi wa kwaya mko hapa. Wakati wa Meza pigeni tarumbeta. Pigeni nyimbo za Pasaka.

La tatu lilikuwa watoto. Lina mjadala mrefu, nami sitalikata vipande. Mkiniita tena nitakuja nalo.

Ila wagonjwa siwezi kuwaacha. Kila mtaa una watu ambao hawajaiona Meza tangu walipoanguka kitandani. Mzee ana kiharusi, mama mguu hauendi, na wako wanaotumia dawa ambao wanaona aibu kushika kikombe mbele ya watu. Mchungaji hawajui wote. Ninyi mnawajua, mnapita milangoni kwao mkienda shamba. Kuna karatasi pale mezani kwa katibu. Kabla hamjaondoka andikeni majina yao, na kitongoji, na nani atampeleka mchungaji mpaka mlangoni. Jumapili hii kuna Meza hapa, na kuanzia Jumatatu anaweza kuanza kuwazungukia.