Kiumbe Anayepumulia Kutu

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana, habari za asubuhi.

Ndoo hii mnayoitazama tangu mlipoingia ina tope. Nililichota Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, juma lililopita, pale wanapoegesha mitumbwi. Nikafukia ndani yake kijiti cheusi cha kaboni nilichokitoa kwenye betri kuukuu ya tochi, na kingine nikakining'iniza juu, karibu na uso wa maji. Nyaya mbili na kipimo hiki cha umeme, basi. Nitairudia.

Tuanzie soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mama mnunuzi akiletewa sangara haulizi kavuliwa lini. Anafunua shavu, anatazama wekundu wake, anainama kunusa, ndipo anataja bei. Anachonusa pale ni pumzi za bakteria, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Sisi tukila ugali, mwili unauvunja kupata nguvu, na mwishoni zinabaki elektroni, chembe ndogo mno zinazobeba umeme, ambazo lazima zitupwe mahali. Tunazitupia oksijeni. Ndiyo sababu mtu akikosa hewa dakika chache tu anakufa. Sasa wako bakteria wa jamii ya Shewanella, wengi wao wa baharini, ambao oksijeni ikiisha wanatafuta pengine pa kutupia. Samaki wa baharini ana kemikali iitwayo trimethilamini oksaidi, inayomsaidia kuhimili chumvi. Shewanella anaing'oa oksijeni iliyomo, na kinachobaki ndiyo ile harufu ya samaki aliyelala. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya James Shewan, mtaalamu wa bakteria wa samaki huko Uskoti.

Ziwani kwetu mambo yana sura yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 juu ya sangara wa Ziwa Victoria ulionyesha kwamba akiachwa kwenye joto, wanaomharibu zaidi ni bakteria wa jamii ya Aeromonas, na akiwekwa kwenye barafu, kazi inashikwa na Pseudomonas. Kwa hiyo barafu haimalizi bakteria. Inawapunguza kasi, na inaamua nani ale kwanza.

Sasa hospitali. Kwa binadamu anayesumbua zaidi katika jamii hii ni Shewanella algae, mpenda chumvi na joto. Ni nadra. Humpata zaidi mtu mwenye kidonda cha mguu cha muda mrefu aliyekanyaga maji ya bahari, au sikio bovu la muogeleaji, au mgonjwa wa ini. Lakini akiingia kwenye damu ya mtu dhaifu anaweza kuua.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye maabara ya hospitali moja ya pwani. Kililetwa kipande cha pamba kutoka kwenye kidonda cha mzee mvuvi. Tulipanda bakteria wake kwenye mrija wenye chakula chao, na kesho yake mrija ulikuwa mweusi tii chini, unanuka yai viza. Weusi ule ni chuma kilichokutana na gesi ya salfa. Nikaandika "Pseudomonas", nikautupa. Pseudomonas hafanyi mrija kuwa mweusi! Shewanella ndiye anayefanya hivyo. Nililijua hilo tangu chuoni, na bado niliandika nilichozoea kuandika. Mzee alipona, namshukuru Mungu, ila mrija ule bado unanijia usiku. Ndiyo maana nawasihi ninyi wanafunzi wa maabara: mkikuta kitu kigeni, kihifadhini kwenye friji, msikitupe.

Na kuna jambo linalonitia hofu kuliko vidonda. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba jeni iitwayo qnrA, inayowapunguzia bakteria makali ya dawa za kuua bakteria za jamii ya sipro (ciprofloxacin), chimbuko lake ni Shewanella algae. Ilikuwa yake, ndani ya maji. Baadaye ikarukia bakteria wa hospitali. Tunaponunua sipro vidonge viwili viwili dukani na mabaki yakaishia majini, tunawalea walio na jeni za namna hiyo.

Lakini tabia ileile ya kutupa elektroni popote ndiyo iliyomfanya atafutwe. Mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson waliandika habari za bakteria wa Ziwa Oneida, jimbo la New York, ziwa la maji baridi kama letu. Bakteria huyo, ambaye leo anaitwa Shewanella oneidensis, anapumulia madini ya manganizi na kutu ya chuma, yaani anayatupia elektroni zake badala ya oksijeni. Hebu fikirini: kutu ni jiwe, haliingii ndani ya kiumbe kidogo hivyo. Anachofanya ni kupanga protini zenye chuma kutoka ndani hadi kwenye ngozi yake ya nje, nazo zinapokezana elektroni kama vibarua wanaopokezana matofali, hadi zinafika nje na kukabidhiwa jiwe.

Mpe urani iliyoyeyuka majini, anaigeuza kuwa aina isiyoyeyuka, inatuama. Kromi ya sumu kali anaigeuza kuwa isiyo na makali hayo. Kanda yenye migodi na viwanda vya ngozi kama hii yetu ina kila sababu ya kuwajua bakteria wa tope lake yenyewe, na ningependa kazi hiyo ifanywe hapahapa, na watoto wa hapahapa.

Na ukimpa kijiti cha kaboni badala ya kutu, anakipa kijiti elektroni. Zikipita kwenye waya, huo ni umeme.

Turudi kwenye ndoo. Sidai kwamba humu yumo Shewanella peke yake. Tope lina jamaa wengi wenye kipaji hicho, Geobacter mmojawapo. Siku ya kwanza kipimo kilisoma karibu na sifuri. Leo alfajiri kilisoma volti 0.4. Hakiwashi taa, na simu hakichaji, nisiwadanganye. Mama wa kitenge cha kijani, ndiyo wewe, sogea utusomee. Kimeandika ngapi?